Unatoka wapi, au unakimbia nini? Kushikiliwa kwa waomba hifadhi kandokando ya Ruvuma

Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, ukatazama kusini, nchi inayoonekana ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji. Hakuna ukuta wala seng'enge. Kuna mto, wenye mamba na viboko wake, na kuna vituo rasmi viwili ambavyo watu wa Mtwara wanavijua zaidi: Kilambo, kusini ya Mtwara mjini, na Mtambaswala wilayani Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Baina ya vituo hivyo ni zaidi ya kilomita 100 za mashamba ya mpunga, mikorosho na vivuko vya mitumbwi ambavyo bibi zetu walivitumia kwenda harusini na msibani bila mtu kuwauliza chochote.

Oktoba 2017 kundi lenye silaha liliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, na tangu hapo njia hizohizo zimekuwa za watu wanaokimbia. Machi 2021 ikafika zamu ya Palma, mji ulio jirani kabisa na mpaka wetu, na maelfu wakashika njia ya kaskazini kuelekea mtoni. Kwa jumla vita ya Cabo Delgado imewahi kuwang'oa makwao karibu watu milioni 1. Wengi wao walibaki ndani ya nchi yao, Pemba, Mueda na Nampula. Waliovuka kuja huku ni sehemu ndogo tu, ila wamekuja na fundo ambalo hadi leo hatujalifungua vizuri. Mtu akivuka bila hati akakutwa na askari, huyo ni mkosaji wa uhamiaji au ni mwomba hifadhi? Na akishikiliwa, anashikiliwa kwa sheria ipi, mpaka lini, na nani anakagua?

Taarifa za habari hazitusaidii sana. Leo utasikia wahamiaji haramu wamekamatwa. Kesho, wakimbizi wamerudishwa kwao. Keshokutwa, raia wa kigeni wamehifadhiwa kwa muda. Inawezekana kabisa wote watatu ni mtu mmoja.

Tanzania ina sheria mbili zinazoweza kumshika mtu huyo katika ukingo uleule wa mto. Ya kwanza ni Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Hiyo inataka pasi, inataka kibali, inataka upite kwenye kituo rasmi. Ukikosa, unakamatwa, unashtakiwa, unaweza kufungwa na kuondolewa nchini. Ya pili ni Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, ambayo inaanzia mahali pengine kabisa: anayekimbia panga hana muda wa kupanga foleni ya viza. Kifungu chake cha 9 kinamtaka ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, aseme anaomba hifadhi, na kinakataza asishikiliwe wala kuadhibiwa kwa sababu tu ya kuingia kinyume cha utaratibu. Wazo hilo limetoka Ibara ya 31 ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, wakati nchi bado changa na ina mengi ya kufanya.

Ajitokeze kwa nani? Hapa ndipo sheria hii inaponifurahisha, na kunihuzunisha. Haikusema aende wizarani. Imemtaja ofisa mwenye mamlaka aliye karibu, mlinzi wa amani (ofisa wa kimahakama, siyo askari), na Mtendaji wa Kijiji. Mtendaji wetu huyuhuyu! Anayegonga muhuri kwenye barua za utambulisho, anayeamua kesi ya mbuzi walioingia kwenye mihogo ya jirani, anayekimbizana na orodha ya wakulima wa korosho wanaostahili salfa ya ruzuku. Ofisi yenyewe mnaijua: meza moja, benchi limeegemezwa ukutani, daftari lenye jalada lililoachana na kurasa, na picha ya Rais juu ya mlango. Kwa sheria ya Tanzania, huo ni mlango wa hifadhi ya kimataifa. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na sidhani kama nakala yake imelala kwenye makabati mengi ya ofisi za vijiji vya Tandahimba au Nanyamba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa Kimwani, watu wa pwani ya Cabo Delgado, ametoka Palma na watoto wawili. Wamelala porini, wamevushwa kwa mtumbwi, wameingia kijijini alfajiri. Lugha si tatizo kubwa, maana Kimwani na Kiswahili ni lugha ndugu. Mwenyekiti wa kitongoji anampeleka kwa Mtendaji. "Umetoka wapi?" Palma. "Una pasi, una kitambulisho?" Sina, vimeungua. Kwa majibu hayo mawili Sheria ya Uhamiaji imeshapata ilichokitaka, simu inapigwa, na jioni mama yuko lokapu au ndani ya gari la kurudishwa. Angeulizwa la tatu, "umekimbia nini?", angeeleza nyumba zilivyochomwa na nani alichinjwa, na hapo Sheria ya Wakimbizi ingeanza kazi. Wala hana haja ya kutamka maneno maalumu. Aliyesema "naogopa kurudi, watatuua" ameshaomba hifadhi, hata kama neno lenyewe hajawahi kulisikia maishani.

Hizo siku 7 nazo zina makali yake. Mtu wa Cabo Delgado akivuka, mara nyingi hafikii kwa serikali, anafikia kwa ndugu. Makonde wako kote kuwili, Wamakua kote kuwili, na shangazi aliyeolewa Kitaya, kijiji cha kandokando ya Ruvuma, hawezi kumfukuza mtoto wa kaka yake usiku. Wiki inapita kabla mgeni hajapona homa. Siku ya nane inafika, na kutojitokeza ndani ya muda nako ni kosa. Sasa mgeni anaogopa kwenda ofisini, mwenyeji anaogopa kuambiwa amemficha mhamiaji haramu, na mtu aliyekuwa na haki kamili ya kulindwa anageuka wa kujificha. Akikamatwa akiwa amejificha, huko kujificha kunachukuliwa kama ushahidi kwamba hakuwa na nia njema. Mtego huo sijui ni nani alikusudia kuutega, pengine hakuna, lakini unanasa.

Je, ina maana serikali hairuhusiwi kabisa kumshikilia mwomba hifadhi? Inaruhusiwa, na wanaharakati wanaosema vinginevyo wanaharibu hoja yao wenyewe. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia mkataba wa haki za kiraia na kisiasa ambao Tanzania ni mwanachama wake, ilieleza jambo hili vizuri mwaka 2014. Mtu aliyeingia bila utaratibu anaweza kushikiliwa kwa muda mfupi mwanzoni, ili aandikishwe, madai yake yapokelewe, na kama utambulisho wake una shaka, uhakikiwe. Kuendelea kumshika baada ya hapo kunahitaji sababu inayomhusu yeye binafsi: kwamba huyu, siyo kabila lake wala wenzake waliovuka naye, ana dalili za kutoroka, au anatishia usalama. Lazima iangaliwe kama kuna njia nyepesi zaidi, kwa mfano kuripoti kituoni kila wiki au kukaa kwa mdhamini. Na lazima awe na nafasi ya kupinga kushikiliwa kwake mbele ya mahakama.

Kamati hiyohiyo mwaka 1997 iliikuta Australia na hatia kwa kumshikilia mtu wa Kambodia zaidi ya miaka minne akisubiri ombi lake la hifadhi. Afrika Kusini, ambako vijana wengi wanaopita hapa kwetu ndiko wanakoelekea, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2017 kwamba mtu anayeshikiliwa kwa kosa la uhamiaji afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwetu, Ibara ya 15 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuwa huru, na asikamatwe wala kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kila mtu, imesema. Haikusema kila raia.

Kesi ninayoipenda kuisimulia ni ya ndugu wanne Wasomali waliotua uwanja wa ndege wa Orly, Paris, mwaka 1992. Ufaransa iliwazuia kuingia, ikawaweka hotelini karibu na uwanja chini ya ulinzi, siku 20, halafu ikawarudisha Syria walikopitia. Serikali ikajitetea: hawa hatukuwafunga, mlango wa kuondoka kwenda nchi nyingine ulikuwa wazi muda wote. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 1996 ikaikataa hoja hiyo. Mlango unaoelekea tu kule unakokimbia, au nchi isiyokuhakikishia ulinzi, hauhesabiki kuwa mlango. Kwa hiyo kinachotazamwa ni hali halisi ya mtu: anaweza kutoka, anajua kwa nini yupo pale, anaweza kumpata wakili, anajua lini ataondoka? Jengo linaweza kuwa gereza, hoteli ya nyota tatu, ghala la mazao au darasa la shule ya msingi.

Nimetaja darasa kwa makusudi. Mei 2021, wafanyakazi wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, walizikuta familia Negomano, upande wa Msumbiji wa Daraja la Umoja, zikieleza habari zinazofanana. Walitembea kwa siku kadhaa hadi Ruvuma, wakavuka kwa mtumbwi, wakachukuliwa na mamlaka za Tanzania hadi shule ya kijiji Kilambo. Pale wakahojiwa. Walioweza kuthibitisha kuwa ni Watanzania wakabaki. Wengine wakapandishwa magari na kupelekwa magharibi hadi Negomano, wakavushwa kurudi Msumbiji, mahali pa mbali pasipo na huduma za maana. Kufikia katikati ya mwaka huo, UNHCR ilikuwa ikitaja watu zaidi ya 9,600 waliorudishwa kwa nguvu kupitia Negomano tangu Januari.

Angalieni swali lililotumika kuchuja. Liliuliza uraia. Kwa ofisa wa uhamiaji hilo ni swali la kawaida, ndiyo kazi yake ya kila siku, na sina sababu ya kumwona ni mtu mbaya. Lakini Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake uko hatarini, na uraia hauelezi chochote juu ya hatari hiyo. Mtu anaweza kuwa raia halisi wa Msumbiji na ndiyo maana hasa anakimbia Msumbiji. Na huku kwetu, ambako wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa kimewasumbua wengi, mchujo wa aina hiyo unaweza kumtupa ng'ambo hata mzaliwa wa Tandahimba aliyekuwa amekwenda kutafuta samaki Palma.

Upande wa pili wa shilingi lazima usemwe, na watu wa Kitaya ndio wenye haki ya kwanza kuusema. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma wakakishambulia kijiji hicho, wakaua, wakachoma nyumba. Aliyekuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Simon Sirro, alithibitisha shambulio hilo hadharani. Baada ya usiku ule, kumwambia mtu wa Kitaya ampokee kila anayeteremka kwenye mtumbwi bila kumkagua ni kumtukana. Miongoni mwa wapiganaji wa Cabo Delgado wamo pia Watanzania, kwa hiyo hata pasi yetu si kinga.

Sheria ya wakimbizi inalijua jambo hilo kuliko tunavyodhani. Mkataba wa 1951 unawanyima hadhi ya ukimbizi waliotenda uhalifu wa kivita na makosa mazito. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, uliopitishwa Addis Ababa na ambao Tanzania imeuridhia, unakwenda mbali zaidi, na ulitungwa na nchi zilizokuwa na vita mipakani kama sisi. Kwanza, unamtambua mkimbizi kwa upana: hata ambaye hakuandamwa yeye binafsi, ila amekimbia fujo zilizovuruga usalama katika sehemu ya nchi yake. Cabo Delgado inaingia hapo bila kusukumwa. Pili, unakataza kumzuia mtu mpakani kwa namna itakayomlazimisha kurudi kwenye hatari. Tatu, na hiki ndicho kipengele kinachosahaulika, unasema kwamba kwa sababu za usalama wakimbizi wawekwe umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi waliyotoka.

Yaani kati ya kuwafungia darasani Kilambo na kuwarudisha Negomano kulikuwa na njia nyingine iliyokwisha andikwa: wakague, waandikishe, wahamishie ndani. Askari anapata mpaka wenye watu wachache, na mama wa Palma anapata mahali pa kulala.

Njia hiyo si ngeni kusini. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu walivuka Ruvuma, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikawafungulia makazi, mojawapo Rutamba, mkoani Lindi, mbali na mto. Nachingwea ikawa na kambi ya FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji. Wareno nao walikuwa na ndege na mabomu, kwa hiyo hatari ya kuwapokea haikuwa ndogo. Wazee wa Lindi bado wanawakumbuka majirani wao wa Rutamba, na baadhi ya wajukuu wa majirani hao hawakuondoka kamwe. Siku hizi sera ni ya kambi, na kwa miaka mingi kambi zimekuwa Kigoma, upande wa pili wa nchi. Mtu wa Mueda kupelekwa Kigoma, kwenye lugha na udongo mwingine, ni mzigo kwake na kwa anayemlipia mafuta ya basi. Nadhani ugumu huo unachangia sana watu kutokuandikishwa kabisa, ingawa hausemwi.

Kuna kundi jingine linalopita kusini ambalo ni rahisi kulisahau: vijana wa Ethiopia na Somalia wanaoelekea Afrika Kusini. Hawa hawakimbii Cabo Delgado, na wengi wanatafuta riziki. Safari yao inaua. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori, na Machi 2020 maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Wakikamatwa hapa wanapelekwa mahakamani, wanasomewa shtaka la kuingia nchini bila kibali, wanakiri, wanafungwa. Kifungo kikiisha, tatizo jipya: hakuna nauli ya kuwarudisha, na hawawezi kuachiwa mitaani, kwa hiyo wanabaki gerezani wakiwa wamemaliza adhabu. Hapo hakuna hukumu inayowashikilia tena. Na katikati yao anaweza kuwamo mmoja aliyekimbia mateso kweli, ila shtaka lilisomwa kwa lugha asiyoijua na akaitikia kwa kichwa.

Watoto nisiwapitie juujuu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imesema wazi mwaka 2017 kwamba kumfungia mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, au ya mzazi wake, hakukubaliki hata kwa muda mfupi. Mtoto aliyefika peke yake apelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii. Halmashauri zote zinaye. Hapo hakuna haja ya kusubiri mwongozo kutoka Dodoma.

Kwa mwananchi wa kijijini aliyepata mgeni wa namna hii, cha kwanza ni kumpeleka mapema kwa Mtendaji, ndani ya zile siku 7, na kuhakikisha maelezo yanaandikwa: jina, alikotoka, tarehe aliyovuka, na sababu ya kukimbia kwa maneno yake mwenyewe. Aombe tarehe na muhuri. Karatasi hiyo inamlinda mgeni, na inamlinda mwenyeji dhidi ya shtaka la kuficha mtu. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wilayani na hawalipwi na mteja. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kutembelea magereza na mahabusu na kupokea malalamiko, hata ya asiye raia.

Mtu akiwa ameshashikiliwa bila kufikishwa popote, ndugu au wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Mtwara, kuomba amri kwamba aliyemshika amlete mbele ya jaji na aeleze anamshikilia kwa sheria ipi. Ombi hilo halihitaji mwombaji awe Mtanzania. Linahitaji jina la anayeshikiliwa, mahali alipo na nani anamshikilia. Aliyepitishwa shuleni na kupakiwa garini kabla jina lake halijaandikwa kwenye daftari lolote, hata wakili hodari kuliko wote wa Mtwara hana pa kuanzia.